Kebo au dishi: mpenda michezo wa Tanga achukue kipi?

Kila Agosti inapokaribia, timu zikiwa zinatambulisha wachezaji wapya na ratiba ya Ligi Kuu ikisubiriwa, majirani zangu wa Chumbageni huanza kuulizana kama waendelee na kebo au wanunue dishi. Swali hilo huletwa kwangu mara nyingi, na shemeji zangu pamoja na vijana wanaohamia chumba chao cha kwanza, kwa sababu wanajua kwamba sipitwi na mechi ya Coastal Union, timu yetu ya mpira ya hapa Tanga, na kwamba nyumbani kwangu viliwahi kuwapo vyote viwili kwa wakati mmoja. Jibu langu halijabadilika: anayelipia televisheni hasa kwa ajili ya michezo achukue dishi. Sababu yangu kubwa, hata hivyo, ni tofauti na ile inayotajwa barazani. Wengi hubishana kuhusu mvua na ung'avu wa picha, ilhali jambo la kuangalia kwanza ni nani mwenye haki ya kuionyesha mechi unayoitaka.

Mechi ya mpira ni mali inayouzwa. Mwenye ligi huuza haki ya kuionyesha kwa kampuni fulani, katika nchi fulani, kwa muda fulani, na mwingine yeyote anayetaka kuionyesha lazima apite kwa huyo aliyenunua. Mei 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, liliingia na Azam Media mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya Ligi Kuu Bara. Kwa mtu wa Tanga maana yake ni kwamba Coastal ikisafiri kwenda Mwanza au Mbeya, picha ya mechi hiyo itatoka Azam. Ligi Kuu ya England na Ligi ya Mabingwa Ulaya, kwa nchi zilizo kusini mwa Sahara, zimekuwa kwa miaka mingi mikononi mwa SuperSport, inayokuja kupitia DStv ya MultiChoice, kampuni ambayo mwaka 2025 ilichukuliwa na Canal+ ya Ufaransa. Hizo ndizo njia mbili kuu ambazo mpira tunaoujali huingia nazo nchini, na zote mbili zimejengwa juu ya setilaiti.

Mwenye kebo wa mjini yuko wapi katika mpangilio huo? Yuko katikati, na hapo pana tabu. Ukipata nafasi ya kuingia kwenye ua wa mitambo ya kebo, kitu cha kwanza utakachokiona ni madishi, makubwa kwa madogo, yaliyoelekezwa pande mbalimbali za anga. Ndani kuna chumba chenye ving'amuzi vilivyopangwa kwenye rafu, kila kimoja kikitoa chaneli yake, na mashine inayozikusanya chaneli zote na kuzisukuma kwenye waya mmoja mnene unaotoka nje, unaopanda nguzoni na kugawanyika mtaa kwa mtaa. Kila baada ya umbali fulani huwekwa kipaza mawimbi, kwa sababu mawimbi hupungua nguvu kadiri yanavyosafiri ndani ya waya. Kwa hiyo kebo ni dishi la mtu mwingine lenye waya mrefu. Asiyelielewa hilo hudhani kwamba kebo na setilaiti ni vyanzo viwili tofauti vya mpira, kumbe chanzo ni kimoja, na mwenye kebo ameongeza hatua moja zaidi kati ya uwanja na sebule yako.

Hatua hiyo inahitaji ruhusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwenye matangazo dhidi ya mtu anayeyachukua na kuyarusha upya bila idhini yake, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inamtaka kila anayetoa huduma ya namna hii awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na aheshimu masharti yake. Kadi ya king'amuzi inayolipiwa kwa matumizi ya nyumba moja haimpi mtu haki ya kuwasambazia watu wa mji mzima. Mwenye kebo aliyeingia mkataba na mwenye chaneli yuko salama, na wateja wake wako salama. Asiye na mkataba anaweza kuwaonyesha mechi leo na kesho chaneli ikatoweka, na mteja hana pa kulalamika, kwa kuwa alilipia "kebo" tu, na hakuna karatasi inayosema alinunua Ligi Kuu.

Niliyaona hayo kwa macho yangu. Ulikuwa mwezi wa Aprili, ligi ikiwa imebakiza mechi chache na Coastal ikipigania nafasi ya juu, tukakuta chaneli ya michezo imegeuka chaneli ya filamu za zamani. Hapakuwa na tangazo. Nilipokwenda ofisini kuuliza, kijana wa mapokezi, kwa adabu kabisa, aliniambia, "Baba, ile ilikuwa ya majaribio." Ada ya mwezi ilibaki ileile. Simlaumu yule kijana, aliyekuwa anasema alichoagizwa, lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikimwambia kila anayeniuliza kwamba kabla hajaulizia bei ya kebo aulizie mkataba: chaneli hii ya michezo mnaionyesha kwa makubaliano na nani, na yanakwisha lini? Anayejibu swali hilo bila kusitasita anastahili fedha yako.

Haifai, hata hivyo, kuisema kebo kana kwamba haikutufaa. Mitambo ya analojia ilizimwa hapa Tanga tarehe 31 Januari 2013, mwezi mmoja baada ya Dar es Salaam, na watu wengi walijikuta na televisheni nzima isiyopokea kitu. King'amuzi wakati ule kilikuwa kitu kigeni na cha gharama, na Azam TV yenyewe ilianza Desemba mwaka huohuo. Katika nyumba za barabara za Ngamiani, ambako wapangaji wanne au watano huishi chini ya paa moja, waya mmoja wa kebo uliwapa wote habari, tamthilia, katuni za watoto na mawaidha ya Ramadhani kwa fedha ambayo familia ingeweza kuipanga kila mwezi. Bado kebo ina faida ambayo dishi halina: palipo na televisheni mbili au tatu, kigawanyo kidogo cha waya kinatosha, bibi akaangalia tamthilia chumbani huku wajukuu wakiangalia mambo yao sebuleni, wakati king'amuzi cha setilaiti, kwa kawaida, kinaonyesha chaneli moja kwa wakati mmoja na televisheni ya pili inataka kingine chenye malipo yake. Kwa familia ambayo mpira ni jambo la mara mojamoja, sioni kosa lolote katika kuchagua kebo.

Sasa nije kwenye mvua, maana ndiyo silaha kubwa ya wanaolikataa dishi. Hofu yao ina msingi. Mawimbi ya setilaiti tunayopokea majumbani yako kwenye masafa yanayoitwa Ku, kati ya gigahezi 10.7 na 12.75, ambako urefu wa wimbi moja ni kama sentimita mbili na nusu. Tone kubwa la mvua si dogo sana ukililinganisha na wimbi la namna hiyo, kwa hiyo mvua nzito hulinyonya na kulitawanya, na mawimbi yanayofika kwenye king'amuzi hupungua hadi picha inaanza kuganda, kukatika vipandevipande, na mwisho kioo kinabaki na maandishi kwamba hakuna mawimbi. Tunaoishi mwambao tunajua pia kwamba masika haya hayachagui wakati. Aprili na Mei ndiyo miezi ya mvua kubwa Tanga, na ndiyo miezi ambayo mbio za ubingwa wa Ligi Kuu na za kukwepa kushuka daraja hupamba moto, na Ligi ya Mabingwa Ulaya hufika robo fainali na nusu fainali.

Lakini kuna mambo matatu ambayo wenye hofu hiyo huyaacha. La kwanza nimekwisha kuligusa: mwenye kebo naye anapokea mpira kwa dishi. Wingu likilifunika dishi lake, chaneli ya michezo inakatika kwa wateja wake wote kwa pamoja, hata wale ambao mtaani kwao hakujadondoka tone. Ni kweli kwamba baadhi ya chaneli huzipokea kwa madishi makubwa ya masafa ya C, yaliyo karibu na gigahezi 4, ambayo mvua haiyasumbui sana, na kwa chaneli hizo kebo hushinda. Ila chaneli za michezo za kulipia zinazotumwa moja kwa moja majumbani kwetu ziko kwenye Ku. La pili ni kwamba mvua inayokata picha ni ile nzito hasa, si manyunyu wala mvua ya kawaida ya jioni, na kiini cha wingu la namna hiyo hakikai juu ya nyumba moja muda mrefu. La tatu ndilo muhimu zaidi: tofauti kati ya dishi linalokatika kwa kila mvua na lile linalovumilia hutokana mno na kazi ya fundi.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu watu wengi wa Tanga wanalalamikia setilaiti wakati wa kulalamikiwa ni nati mbili zilizokazwa vibaya.

Setilaiti ya matangazo hukaa juu ya Ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, ikizunguka pamoja na dunia ili ionekane imetulia mahali pamoja. Ile inayobeba Azam iko kwenye longitudo ya nyuzi 7 mashariki, na ile ya DStv iko kwenye nyuzi 36 mashariki. Tanga iko karibu nyuzi 39 mashariki na nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Ukiyaweka pamoja hayo, setilaiti ya DStv iko karibu kabisa juu ya utosi wetu, kwenye kimo cha nyuzi 83 hivi kutoka upeo wa macho, wakati ya Azam iko upande wa magharibi kwenye kimo cha nyuzi 52 hivi. Ndiyo maana ukitembea Makorora au Mabawa ukayatazama mapaa, unaweza kuyatambua madishi bila kusoma nembo: yale yaliyolala yakitazama mbinguni ni ya DStv, na yale yaliyosimama yakiutazama upande wa milima ya Usambara ni ya Azam.

Tofauti hiyo ina matokeo yake. Dishi lililolala hukusanya majani makavu ya mwembe na kinyesi cha ndege, na lazima lipanguswe, lakini mawimbi yake hukatiza mvua kwa njia fupi. Dishi linalotazama magharibi hubaki safi zaidi, ila mti unaweza kulizuia. Hesabu yake si ngumu: kwa kimo cha nyuzi 52, mti uliolizidi dishi kwa mita kumi utaziba mawimbi kama uko upande huo wa magharibi kwa umbali wa chini ya mita nane. Mnazi uliokuwa mfupi siku dishi lilipofungwa utakuwa umerefuka baada ya miaka kadhaa, makuti yake yakapita mbele ya dishi kila upepo unapovuma, na mwenye nyumba akadhani king'amuzi kimeharibika.

Fundi anayenifungia dishi ni mtu wa Pongwe, na namna anavyofanya kazi ndiyo ninayowashauri wengine waidai. Kwanza hupima nguzo kwa timazi, kwa sababu nguzo ikiinama kidogo tu vipimo vyote vinavyofuata vinapotoka. Kisha hulegeza nati kiasi cha dishi kusogea kwa shida, akalisukuma kidogo kidogo kwa kiganja huku mtu mmoja akikaa mbele ya televisheni ndani, dirisha likiwa wazi. "Mgosi, soma!" anapaza sauti kutoka juu, nami ninasoma mistari miwili iliyo kwenye kioo, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora wake. Mafundi wa haraka huacha kazi mara picha inapotokea. Huyu haachi. Picha ikishatokea ndipo anapoanza kazi ya kweli: anaendelea kulisogeza dishi hadi ubora unapopanda, unafika kileleni na kuanza kushuka, kisha analirudisha kileleni; halafu anakigeuza kichwa cha kupokelea mawimbi ndani ya kishikio chake, kulia kidogo, kushoto kidogo, hadi ubora unaongezeka tena. Siku ya jua kali huoni tofauti yoyote kati ya ubora wa asilimia 60 na wa asilimia 85, picha ni ileile. Tofauti huonekana mvua inapoanza, kwa sababu ile ziada ndiyo akiba ambayo mvua huila kabla ya kuigusa picha. Mwenye nafasi ya kununua dishi la sentimita 90 badala ya 60 anajiongezea akiba hiyohiyo.

Adui wa pili wa picha hapa kwetu ni chumvi, na huyu hazungumziwi vya kutosha. Nyumba za Raskazone, Sahare na Chumbageni hupokea hewa ya bahari usiku na mchana. Siku moja nilimwomba fundi anionyeshe kile alichokitoa kwenye waya wa jirani yangu aliyekuwa akilalamika kwamba chaneli nusu zimepotea. Kilikuwa ni kiunganishi kidogo cha waya, kile cha kuzungusha, kilichokuwa nje ya ukuta bila kufunikwa. Alipokifungua, uzi wa shaba wa katikati ulikuwa umefanya unga wa kijani, na wavu wa waya unaouzunguka ulikuwa umekuwa mweusi na unakatika kama majani makavu. Alikata waya kwa urefu wa mkono mmoja hadi akaipata shaba inayong'aa, akafunga kiunganishi kipya, akakizungushia mpira wa kuzuia maji, akauning'iniza waya kwa mkunjo wa chini ili maji yadondoke kabla ya kufika kwenye kiungo. Chaneli zote zilirudi. Dishi lina viungo vichache vya namna hiyo, na vyote viko kwenye paa na ukuta wako. Kebo ina vingi mno kati ya mitambo na nyumba yako, vimetundikwa nguzoni vikipigwa na jua, mvua na chumvi, na hata ukijua ni kipi kimeoza huruhusiwi kukigusa. Unapiga simu na kusubiri.

Umeme nao una hukumu yake. TANESCO ikikata umeme mtaani kwako, mwenye dishi mwenye betri ndogo ya sola na televisheni inayotumia moto mdogo anaweza kuendelea kuangalia, kwa kuwa king'amuzi hakitumii umeme mwingi na setilaiti haijui kwamba Tanga ni giza. Mteja wa kebo hana uhakika huo. Vipaza mawimbi vilivyoko nguzoni vinahitaji umeme, na mitambo yenyewe inahitaji umeme, kwa hiyo kukatika kwa umeme katika mtaa mwingine kabisa kunaweza kukuzimia mechi wewe ambaye taa zako zinawaka.

Kuhusu kuchelewa kwa picha sitasema mengi. Safari ya mawimbi kwenda setilaiti na kurudi ni kama robo ya sekunde tu. Muda mwingi zaidi hutumika katika kubana picha na kuifungua. Kebo, kwa kuwa huipokea picha iliyokwisha kufunguliwa na wakati mwingine kuibana upya, huwa nyuma kidogo ya dishi, na intaneti huwa nyuma zaidi ya zote. Redio huwatangulia wote. Coastal inapocheza Mkwakwani, wanaokaa karibu na uwanja husikia kelele za goli kabla ya kuliona kwenye kioo, na hakuna chombo cha nyumbani kitakachobadilisha hilo.

Kwa upande wa fedha, dishi huumiza mwanzoni na kebo huumiza taratibu. Dishi, king'amuzi, waya na kazi ya fundi hulipwa kwa mkupuo, na kwa mtu mwenye kipato cha siku hilo ni jambo zito ambalo sipendi kulifanya jepesi. Baada ya hapo unalipia kifurushi kabla ya kukitumia, na hapa ndipo mpenda michezo anapata nafuu ambayo wengi hawaitumii: ligi zinapofungwa katikati ya mwaka, asiyekuwa na haja na tamthilia anaweza kuacha kulipia hadi msimu mpya, bila kuvunja mkataba wowote. Kwenye kebo niliyokuwa nayo, aliyeacha kulipa alikatiwa waya na kutozwa ada ya kurudishiwa. Lakini ninyi mnaochukua dishi msikimbilie kifurushi cha bei ya chini kabla ya kuuliza. Ligi Kuu ya England haimo yote katika kila kifurushi cha DStv. Vya chini hupata sehemu tu ya mechi, na vya Azam navyo vinatofautiana kwa chaneli za michezo zilizomo. Andika kwenye karatasi ligi unazozifuata kweli, kisha muulize wakala kila moja iko kwenye kifurushi kipi. Anayefuata Coastal, Simba na Yanga peke yao hana sababu ya kulipia England, na anayefuata Arsenal hatafarijika kwa kuambiwa kwamba king'amuzi chake kina Ligi Kuu Bara yote.

Uchaguzi huu nauona mzito kwa sababu Tanga ni mji wa michezo, ingawa nchi imezoea kutazama Kariakoo, kwa Simba na Yanga. Coastal Union walikuwa mabingwa wa nchi mwaka 1988. Mwaka 2016 tuliumia kama mji mwingine wowote haujaumia, timu zetu tatu, Coastal, African Sports na Mgambo, ziliposhuka daraja kwa msimu mmoja. Coastal, Wagosi wa Kaya kama tunavyowaita, walirudi, na msimu wa 2023/24 wakamaliza nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, ambako walikutana na Bravos do Maquis ya Angola. Agosti 2023 Simba na Yanga walicheza Ngao ya Jamii hapahapa Mkwakwani, na Simba wakashinda kwa penalti. Hassan Mwakinyo ni bondia wa Tanga, na usiku ule wa Septemba 2018 alipomsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili huko Birmingham, mimi nilipata habari kwa simu, kwa maandishi, wakati nilitamani kuuona ule mkono ukifika. AFCON ya 2027 imekabidhiwa kwa Tanzania, Kenya na Uganda. Mtu wa mji wenye historia hiyo anastahili kuona watu wake wakicheza, kwa njia ambayo haitamkatikia kwa kuwa mtu mwingine hakulipa kadi.

Wapo ambao dishi haliwezekani kwao, nami siwezi kuwapita. Mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki paa litobolewe, anayekaa ghorofa ya chini iliyozibwa upande wa magharibi na jengo la jirani, au anayehama kila baada ya miezi sita, atapata taabu. Huyo ajaribu kwanza kumwomba mwenye nyumba nguzo ya chini uani, kwa sababu dishi halihitaji paa, linahitaji anga iliyo wazi kwa upande mmoja tu. Ikishindikana, achukue kebo yenye mkataba unaoeleweka kwa mambo ya kila siku, na mechi kubwa aende akazione kibanda umiza. Simu yenye programu ya mwenye haki nayo ni msaada, lakini dakika tisini za picha nzuri hula bando kubwa, na kwa mechi za kila wiki gharama hiyo haiendani na mfuko wa watu wengi ninaowafahamu.

Kinachonisikitisha ni kwamba kebo ingeweza kuwa njia bora kwa watu hao hao. Waya umekwisha kutandazwa, mafundi wapo, wateja wapo, na mwenye haki za matangazo angeweza kumuuzia mwenye kebo kwa jumla, kila nyumba ikalipa kidogo juu ya ada yake na kuiona Ligi Kuu kihalali. Natamani wenye kebo wa Tanga waungane, wapeleke hesabu ya nyumba walizonazo mbele ya wenye haki na waombe bei, na TCRA iwasaidie kukaa meza moja. Siku chaneli ya michezo itakapoandikwa kwenye risiti ya kebo kwa jina lake na tarehe ya mwisho ya makubaliano, nitawashauri wapangaji wote wa Ngamiani wajiunge. Kwa sasa, mwenye uwezo wa dishi alifunge kabla ya Machi, wakati nguzo inaweza kupigwa zege na kukauka vizuri, na asimruhusu fundi ashuke kwenye ngazi kabla ubora wa mawimbi haujafika kileleni.